Kitambaa cha Rangi ya Inina

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana imetupata leo, siku ya mapumziko, kwa hiyo hakuna aliyepumzika. Busunzu nzima ilikuwa shambani. Nestori, mume wangu, alisema mimi, mwalimu wa darasa la pili, nashika jembe kama chaki. Nikamwambia yeye hata ukimpa chaki atapalilia nayo. Tulipanda mahindi mpaka mgongo ukakataa, na Inina akatufuata nyuma akidondosha mbegu kwenye mashimo.

Ni kwa sababu yake nimeanza kuandika. Ininahazwe ni binti wa marehemu mdogo wangu. Ana miaka minane. Alikuwa akilelewa na mama yangu kule Munanila, lakini magoti ya mama yamechoka, na tangu Pasaka mtoto yuko kwetu, tena darasani kwangu. Ni mweusi hasa, ule weusi unaong'aa jua likiupiga. Mimi nauona mzuri mno. Leo nimegundua kuwa yeye hauoni hivyo. Tulipokuwa tunanawa matope alichukua mkono wangu akauweka kando ya wake, akatazama, akauachia.

"Mama mkubwa, mvua ikininyeshea sana nitatakata?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Nimefundisha kutoa kwa kukopa huku bati likipiga kelele. Hakuna aliyesikia, hata mimi sikuisikia sauti yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Bazilio ametangaza mazoezi ya igizo la Krismasi. Ndiye mwalimu wetu wa kwaya, mtu mwema asiyesikia la mtu. Igizo lake lina desturi moja: malaika wote hupakwa unga wa muhogo, uso, shingo na mikono, mpaka wanaonekana kama wametumbukia mashineni. Sababu ni kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani kanisani, ambayo malaika wake ni weupe. Hakuna anayehoji. Hata mimi nilipakwa nilipokuwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi, tena kwa unga wa msaada, na mama alinuna wiki nzima kwamba chakula kimechezewa.

Mwaka huu Gabrieli ni Inina, kwa sauti yake. Dorcas, mshonaji wa pale njia panda, alipiga vigelegele kabla jina halijamalizika kutajwa. Mama huyo ana maoni juu ya kila kitu, kuanzia chumvi ya maharage ya harusini hadi mahubiri ya mchungaji, na hayatoi kwa sauti ndogo. Kwa vile jina lake limo kwenye Biblia, na yule wa kwenye Biblia naye alikuwa mshonaji, anajiona kama kile kitabu kiliandikwa akiwa anasimamia. Mimi na yeye tunasalimiana, inatosha.

Inina amekunywa uji vikombe viwili. Ana furaha. Na mimi nina furaha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye paa.

Paa la kanisa linavuja upande wa madhabahu, na kila mtu anajua pa kukwepa. Leo yalikuwa mazoezi ya kwanza ya mavazi. Bazilio aliwapaka malaika unga kabisa, eti wauzoee. Gabrieli husimama juu ya kigoda, na kigoda kiliwekwa chini ya tundu. Mvua ikaja ile ya kushtukiza. Kabla Inina hajafika kwenye "Usiogope, Mariamu," maji yalikuwa yanamdondokea utosini. Unga ukawa uji. Ukamtiririka usoni, ukaacha michirizi myeusi na myeupe mpaka shingoni. Aliendelea kuimba. Nataka niliandike hilo: aliendelea kuimba.

Mariamu wetu ni Divine, binti wa mwenye duka, mtoto mweupe anayesifiwa na kila mtu. Akasema kwa sauti, "Mkaa umeloa!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Si watoto peke yao. Niliona mama watu wazima wamejifunika vinywa kwa khanga, mabega yakitikisika. Inina alishuka kwenye kigoda taratibu, akatoka mlangoni, akakimbia. Viatu akaviacha.

Nilimkuta nyuma ya bafu. Alikuwa amechuchumaa na jiwe letu la kusugulia visigino, na majivu, na ule waya wa kusugulia sufuria. Mkono wa kushoto, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umechunika na damu inatoka. Sikupiga kelele. Nilimshika tu, naye akaniinulia ule mkono kama mtoto anayeonyesha hesabu aliyoipata.

"Angalia, mama mkubwa. Ndani kuna nyeupe. Nilikuwa karibu kufika."

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Ninafundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, na huyu wa kwangu alikuwa anajichuna ngozi hatua chache kutoka jikoni kwangu.

Dorcas alifika akiwa ameloa chapachapa, mkononi viatu vya Inina. Nilijiandaa kusikia hotuba. Hakutoa. Aliangalia ule mkono, akaokota lile jiwe, akalitia kwenye mfuko wake na kuondoka nalo. Muuguzi wa zahanati amesafisha kidonda na kukifunga. Amesema kitapona, alama itabaki.

Jumatatu, 28 Oktoba

Inina amekuja shule amevaa sweta la Nestori. Mikono ya sweta inapita vidole. Anaandika amekamata penseli kupitia sufu. Jua la leo lilikuwa kali, na hakulivua.

Jumatano, 30 Oktoba

Dorcas kaja shuleni wakati wa uji. Hakukaa.

"Mwalimu, ninataka kila msichana wa darasa lako apate mdoli kabla shule haijafungwa. Mdoli mweusi, wa kitambaa. Nitashona mimi."

Nilikuwa na njaa na madaftari mbele yangu, na nilijibu kama mtu mwenye njaa. "Dada Dorcas, watoto hawa hawana penseli, wewe unawaletea midoli?"

"Penseli ni ya kuandika jina, si ndiyo? Sasa huyu wako jina lenyewe anataka kulifuta."

Akaniambia alipokuwa msichana kambini mdoli wake ulikuwa gunzi la hindi lililoviringishwa kitambaa, na alilipenda kwa sababu lilikuwa la kahawia, kama yeye. Kisha wajukuu zake walipozaliwa alizunguka maduka yote ya Kasulu akitafuta mdoli wa kufanana nao. Yote ilikuwa ya waridi yenye nywele za njano. "Nikauliza, mweusi mnao? Yule kijana wa dukani akaniambia, mama, huo nani atanunua?"

Alipoondoka mwalimu mwenzangu alisema yule mama amekosa kazi. Nikacheka naye. Lakini lile neno la kufuta limekaa kichwani.

Jumanne, 5 Novemba

Mahindi yameota. Inina bado na sweta.

Jumamosi, 9 Novemba

Mdoli wa kwanza umekuja, na nisiseme uongo, ni kazi safi. Una macho ya kutariziwa, mdomo uliojaa, gauni la kipande cha kitenge, na misuko ya uzi mweusi hadi kiunoni. Dorcas ameutengeneza usiku na mchana huku wateja wa nguo za Krismasi wakimsumbua. Alimpa Inina mbele yangu, akarudi nyuma hatua moja kusubiri furaha.

Inina aliugeuza, akaupapasa nywele.

"Mama Dorcas, huyu hajanyolewa. Mwalimu wa zamu atamfukuza."

Nestori alicheka hadi akashika nguzo. Kweli bwana! Wasichana wote wa shule wamenyoa vipara, na mshonaji wetu ameleta mwanafunzi mwenye misuko ya bibi harusi. Dorcas naye akacheka, akatoa mkasi palepale.

Lakini Inina hakuwa amemaliza. Alitoa ncha za vidole kwenye sweta, akaziweka juu ya shavu la mdoli. Kitambaa kilikuwa cha maji ya kunde.

"Na huyu ni Divine," akasema, akamrudishia kwa adabu, mikono miwili.

Kicheko kikakatika. Nilidhani Dorcas ataudhika, ameumiza macho juu ya kile kitu. Aliutazama mdoli, akautazama mkono wa Inina, akatikisa kichwa kama fundi aliyeona mshono umepinda.

"Ego," akakubali. "Mtoto amesema kweli. Kitambaa si chenyewe."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sijawahi kumsindikiza mtu huyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumekwenda Kasulu, mimi na Dorcas, kutafuta kitambaa. Njia mbovu, matope mpaka kwenye vioo. Tumezunguka soko zima. Kuna nyeusi ya suti na nyeusi ya matanga, ambazo si rangi ya mtu. Kuna kahawia ya sofa. Kuna rangi ya chungwa, ya damu ya mzee, ya ugoro. Dorcas alikuwa ameninyang'anya mkono, anauweka juu ya kila jora kama mtu anayepima nyama, na wauza vitambaa wanatutazama. Rangi yangu ilipatikana kwa taabu. Ya Inina haikuwepo kabisa.

Aliyetusaidia ni mama mmoja Mkongo anayeitwa Apoline, aliyekuja sokoni kwa kibali kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ameuza vitenge miaka mingi. Alisikiliza shida yetu mpaka mwisho.

"Rangi ya mutu haiuzishwake, mama," akasema. "Banapikaka. Kamata kitambala blanshi, pika na magome, kisha zika mu matope ya mutoni, yale meusi. Ikibakia kleri, nyeupe-nyeupe, rudia. Ikibakia kleri, rudia tena."

Akatuchorea kwa kidole chini ni gome la mti gani, na alipoelewa ni kwa ajili ya nini akatuongezea kipande cha marekani nyeupe juu ya ile tuliyonunua kwake. Alisema naye ana binti.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua kutwa. Nestori amekata kuni na magome, analalamika kila hatua, halafu anaulizia kama yanatosha.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo baada ya kipindi nimepita kwa Dorcas na Inina. Uani kuna pipa linachemka, maji mekundu kama chai ya kambini. Kitambaa kimetoka kwenye matope kwa mara ya kwanza, kimesuuzwa, kimeanikwa chini ya upenu kwa sababu ya mvua. Dorcas akamwita Inina akague.

"Mimi macho yangu yamezeeka. Jaji ni wewe."

Inina akatoa vidole vitatu kwenye sweta. Akalinganisha muda mrefu.

"Bado, mama Dorcas."

"Bado kidogo au bado sana?"

"Sana."

"Haya. Pipani."

Jumapili, 24 Novemba

Mara ya pili. Inina alivuta sweta mpaka kifundo cha mkono ili aone vizuri. "Bado." Dorcas akakata nusu ya kitambaa akaweka kando, akisema hiyo rangi itampata Deborah wa dawati la mbele, na kweli ni yeye mtupu. Ndipo nikaelewa anachofanya. Kila mchovyo ukifika, kuna msichana darasani kwangu ambaye ndiye huo. Anakata kipande chake, kinachobaki kinarudi matopeni.

Nimekaa nikamsaidia kujaza pamba na vipande vya nguo kwenye miguu midogo midogo. Ameniambia ukijaza sana mdoli unakuwa mgumu, mtoto hawezi kuubeba mgongoni. Lazima ulegee kiunoni, uinamie bega.

Jumatano, 27 Novemba

Upepo na mvua ya mawe. Mahindi yamelala upande mmoja, lakini Nestori anasema yatainuka. Kwa Dorcas upenu umeng'oka. Kitambaa cha mara ya tatu kilipeperushwa hadi kwenye zizi la jirani, na ng'ombe wakakikanyaga chote. Nilimkuta ameketi juu ya kizingiti, kilemba kimelegea. Dorcas bila maneno ni jambo la kutisha.

Nikamwambia kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angesema. "Dada, tumia hiki cha mara mbili kwa waliobaki. Kinatosha."

"Kinatosha kwa nani, mwalimu?"

Inina alikuwa ameshaingia zizini. Alikuja na kitambaa kimemzidi urefu, kinavuja samadi, akakitupa kwenye beseni, akavuta sweta lake juu, juu, mpaka likapita kiwiko, likapita na alama ya kidonda. Akaanza kufua. Mikono mitupu. Mwezi mzima nilikuwa sijaiona.

"Tutarudia," akasema. "Rangi yangu imezidi hapa."

Dorcas akafunga kilemba upya, akasimama kwenda kuwasha moto. Mimi nilibaki nimesimama mvuani kama mlingoti. Ninampenda yule mama. Nimeliandika, na likae hivyo.

Jumamosi, 30 Novemba

Mara ya nne. Kitambaa kimekauka kwa joto la jiko, na Inina ameulaza mkono wake wote juu yake, kutoka vidoleni hadi begani. Ukiwa mbali kidogo huoni mkono unaishia wapi.

"Ndiyo huyu," akasema.

Ametoka hapo amelishusha sweta tena mpaka vidoleni kabla hatujafika barabarani. Kwa Dorcas anavua, njiani anavaa.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya ibada Dorcas alimsimamisha Bazilio mlangoni, watu wote wanasikia.

"Bazilio, mwaka huu unga tunakula."

"Lakini malaika, mama..."

"Umewahi kumwona?"

"Oya, sijamwona."

"Basi usimsemee rangi."

Bazilio alisimama akiitazama ile kalenda yake kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye shaka. Kisha akasema kweli unga umepanda bei. Si toba, lakini tumeipokea.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Dorcas alikuja na makapu mawili, moja kichwani na jingine begani. Alikuwa amepauka kwa usingizi. Midoli yote ina vipara vya uzi mfupi, sare ya blauzi nyeupe na sketi ya bluu iliyokatwa kwenye mabaki ya sare zenyewe. Aliipanga juu ya madawati, kutoka mchovyo wa kwanza hadi wa nne, na wa mchovyo wa nne alikuwa mmoja tu.

Nilitaka nigawe mimi, kila mtoto na wa rangi yake. Dorcas akakataa.

"Ukimpa unamwambia wewe ni huyu. Mwache aseme mwenyewe."

Akamweka Inina asimamie meza, awapokezee wenzake, yeye achague akiwa tayari. Ndipo nilipoanza kuogopa. Kwa sababu weupe ndio waliotoka kwanza. Waliwagombania. Divine alichukua wa maji ya kunde na kila mtu akasema, "Jamani, mzuri kama wa mjini!" Wasichana wawili wenye rangi ya Inina kasoro kidogo walichukua wa mchovyo wa kwanza. Inina aliwapokezea, akayasikia yote. Wengine wengi, lakini, walilaza mikono wakalinganisha, na wakipata wao wanapiga kelele. Deborah alimkumbatia wake akamwambia, "Shikamoo," kisha akajijibu, "Marahaba."

Mwalimu mkuu akaniita ofisini kusaini ripoti. Niliporudi meza zilikuwa tupu. Midoli minne au mitano ilikuwa bado imebaki nilipoondoka, ya rangi mbalimbali, na Divine alikuwa anazunguka akitaka kubadilisha wake wa maji ya kunde. Inina alikuwa ameshatoka, mgongoni kitenge kimefungwa vizuri, mdoli umefunikwa hadi juu.

"Umemchagua nani?" nikamuuliza.

"Analala."

Nikamuuliza Dorcas. Alikuwa anakunja makapu yake. "Sikuangalia, mwalimu. Niligeuka ukutani makusudi."

Jumatatu, 9 Desemba

Inina hataki kumwonyesha mtu mdoli wake. Anasema bado hajatolewa nje. Hiyo ni desturi ya kwetu: mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake mpaka siku ya kutolewa, na hapo ndipo watu huja na chochote walicho nacho, wamwone na waambiwe jina. Anataka Bibi aje kutoka Munanila ampokee. Nestori ameuliza kama mzazi anahitaji supu. Mzazi ameletewa supu.

Jumapili, 15 Desemba

Palizi ya pili. Kitenge kiko kitandani kwake, kimeviringishwa. Ningeweza kukifunua. Nimesimama pale mlangoni nikiwa na ufagio, nikaondoka. Naogopa. Kama amechukua wa maji ya kunde, nitamlaumu vipi? Dunia nzima imemfundisha.

Alhamisi, 19 Desemba

Mama amepiga simu. Magari hayapiti, daraja limejaa maji. Labda kabla ya sikukuu.

Jumatatu, 23 Desemba

Hayapiti. Nimepita kwa Dorcas, anashona nguo mbili mbili kufidia wateja aliowakawiza. Mmoja alimfokea mbele yangu kwamba alimwacha na gauni lisilo na mikono kwa ajili ya midoli ya watoto wa watu. Dorcas akamwambia, "Kweli mama, nimekukosea, keshokutwa utalivaa." Mteja alipotoka aliendelea kukanyaga cherehani. Hakuniomba huruma. Nilichukua sindano nikaanza kukunja pindo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna aliyepakwa unga isipokuwa Divine, aliyejipaka mwenyewe nyumbani, nasi tulimwonea huruma kidogo. Inina alipanda kigodani na gauni jeupe, na chini ya gauni sweta la Nestori, katika joto lile. Sauti yake ilipotoka, Bazilio alisahau kupunga mikono. "Usiogope, Mariamu." Watu walilia. Mimi nililia zaidi kwa kuiona ile mikono ya sweta inaning'inia kwenye viganja. Sauti ilikuwa ya Gabrieli, mikono ilikuwa ya Nestori.

Ijumaa, 27 Desemba

Mama alifika jana jioni, ametapakaa tope, anamlaani dereva kwa Kiha safi. Hakupewa hata nafasi ya kunyoosha magoti. Asubuhi Inina alimwambia ameleta mtoto duniani na leo ndiyo siku.

Tulidhani tutakuwa sisi tu. Inina alikuwa amealika bila kutuambia. Walikuja wasichana wa darasa langu na midoli yao mgongoni, na mama zao, na Bazilio na kuku mkononi, na Dorcas na chungu cha togwa, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Apoline hakuweza kuja, lakini alituma kipande cha kitambaa kwa Dorcas, cha kumfunikia mtoto. Mama aliketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama inavyompasa anayempokea mtoto.

Inina akatoka ndani. Nilitazama mikono kwanza. Alikuwa na gauni lisilo na mikono. Alama yote ilikuwa nje, mabega yote nje, yamepakwa mafuta yanang'aa. Hakuna sweta. Alitembea kwa ule mwendo wa mama aliyejifungua, taratibu kidogo, akafika mbele ya mkeka, akafungua kitenge.

Wa mara nne. Huyo peke yake.

Nilimtafuta Dorcas kwa macho, naye alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuwa anajua, kama alivyosema.

Mama yangu ni mtu wa zamani, na ulimi wake haujawahi kufungiwa. Alisogeza shingo, akakunja uso.

"Yoo! Mwana wanje, mwanangu, mbona huyu mweusi namna hii?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu nyuma yangu alianza kucheka, akajizuia. Nilikuwa nimeshainua mguu niende nimfunike mtoto wangu, nimtoe pale, Dorcas akanishika mkono kwa nguvu.

Inina hakutazama chini. Alimweka mdoli vizuri begani, akamfuta kitu ambacho hakikuwepo shavuni.

"Nilimchagua mwenyewe, Bibi. Rangi zote zilikuwepo."

Mama akafuta mikono yake kwenye khanga, mmoja baada ya mwingine, akainyoosha mbele.

"Mlete basi."

Inina akapiga magoti. Alimtoa begani polepole, lakini alipokuwa anamkabidhi alisita, akaurekebisha mkono wa bibi yake kidogo kuelekea juu.

"Shika shingo, Bibi. Bado mchanga."